Freedom House: Vijana wa Pittsburgh Waliofundisha Dunia Kuokoa Maisha Barabarani

Mpaka katikati ya miaka ya 1960, mtu aliyeanguka ghafla mjini Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, alipelekwa hospitali kwa karandinga la polisi, gari lilelile lililobeba walevi na wezi kwenda kituoni. Askari wawili walifika, wakamlaza mgonjwa kwenye machela ya turubai, wakaisukumiza nyuma, wakafunga mlango, kisha wote wawili wakaenda kukaa mbele. Huko nyuma mgonjwa alibaki na Mungu wake. Ulimi ukirudi ukaziba koo, hakuwepo wa kuuondoa. Damu ikichuruzika, ilichuruzika mpaka hospitali. Askari hao hawakuwa watu wabaya. Walitumwa kubeba na kukimbiza, wakabeba na kukimbiza, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwafundisha zaidi ya hapo.

Miji mingine ya Marekani haikuwa na nafuu. Taarifa iliyotolewa mwaka 1966 na Akademia ya Taifa ya Sayansi ya nchi hiyo ilieleza kwamba karibu nusu ya huduma za ambulensi ziliendeshwa na kampuni za mazishi zipatazo 12,000, kwa sababu tu magari yao ya kubebea maiti yalikuwa marefu kiasi cha mtu kulala. Taarifa hiyohiyo ilihesabu watu 107,000 waliokufa kwa ajali mwaka 1965, na wengine 400,000 waliobaki na ulemavu wa kudumu. Wataalamu waliokuwa wamerudi kutoka vita vya Korea na Vietnam walitoa ushuhuda wa kushangaza: wakijeruhiwa vibaya, afadhali wajeruhiwe vitani kuliko katika barabara ya kawaida ya mjini kwao. Vitani kulikuwa na mtu aliyefunzwa ambaye angewafikia palepale walipoangukia. Mjini hakuwepo.

Hii ni historia ya jinsi mtu huyo alivyopatikana mjini. Walioanza kuijaza nafasi hiyo, kwa kiwango ambacho nchi nzima ilikuja kukiiga, walikuwa vijana weusi wa mtaa ambao wakubwa wa jiji walikuwa wameshaukatia tamaa.

Daktari wa usingizi

Peter Safar alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1924, akasomea udaktari, akahamia Marekani na kubobea katika dawa za usingizi. Daktari wa usingizi anajua jambo moja kuliko madaktari wengine wote: mtu aliyepoteza fahamu anaweza kufa si kwa ugonjwa wake, bali kwa kukosa hewa, kwa sababu misuli ya koo imelegea na ulimi umeangukia nyuma. Katika chumba cha upasuaji yeye hukaa kichwani kwa mgonjwa saa zote akilinda njia hiyo ya hewa. Safar alijiuliza kwa nini ulinzi huo uanzie hospitali, wakati watu wengi hupoteza fahamu nyumbani, kazini na njiani.

Katika miaka ya 1950, akiwa Baltimore, alifanya majaribio ambayo leo kamati ya maadili ingeyatazama mara mbili. Watu waliojitolea walipewa dawa ya kulegeza misuli, wasiweze kupumua wenyewe hata kidogo. Kisha wenzao walijaribu kuwapumulisha. Mbinu zilizofundishwa wakati huo katika huduma ya kwanza, za kubonyeza mgongo au kifua na kunyanyua mikono, zilipimwa moja baada ya nyingine, zikaonekana haziingizi hewa ya kutosha. Lakini kichwa kikiinamishwa nyuma, kidevu kikiinuliwa, na mtu akipuliza mdomo kwa mdomo, kifua kilipanda na damu ikapata oksijeni. Aliyepuliza hakulazimika kuwa daktari. Raia wa kawaida walifundishwa kwa muda mfupi wakaweza.

Mwaka 1960 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mji huohuo wa Baltimore, walionyesha kwamba kubonyeza kifua kutoka nje kunaweza kusukuma damu ya mtu ambaye moyo wake umesimama. Mambo hayo mawili yakaunganishwa, na ndiyo huduma ya kufufua moyo na mapafu inayofundishwa hadi leo. Safar alimshawishi pia Asmund Laerdal, mtengenezaji wa wanasesere wa watoto kutoka Norway, atengeneze sanamu ya kufanyia mazoezi. Sanamu hiyo, Resusci Anne, imeshafundishia mamilioni ya watu duniani.

Mwaka 1961 Safar alihamia Pittsburgh. Mwaka 1966 msiba ulimkuta nyumbani kwake. Binti yake Elizabeth alishikwa na pumu wazazi wakiwa safarini, akafariki dunia. Daktari aliyejua kuliko karibu kila mtu duniani namna ya kumrudishia mtu pumzi alimpoteza mwanawe kwa kukosa pumzi. Safar aliugeuza uchungu huo kuwa kazi: alianza kuchora mpango wa gari lenye vifaa vya wagonjwa mahututi na watu waliofunzwa kuvitumia.

Novemba 4 mwaka huohuo, David Lawrence, aliyekuwa meya wa Pittsburgh kwa zaidi ya miaka kumi na kisha gavana wa Pennsylvania, alianguka jukwaani akihutubia mkutano wa kampeni. Muuguzi aliyekuwa miongoni mwa wasikilizaji alimpumulisha. Polisi wakaja na gari lao. Walipofika hospitali moyo ulirudishwa, lakini ubongo ulikuwa umekaa bila oksijeni muda mrefu mno. Baada ya siku 17 akafariki. Safar alikuwa miongoni mwa waliomhudumia, na alisema waziwazi kwamba njia ya kwenda hospitali ndiyo iliyomponza. Jiji likaona kwamba hata mkubwa wake mwenyewe hakupona karandinga.

Mtaa wa Hill

Mtaa wa Hill District uko karibu na katikati ya jiji, na kwa vizazi kadhaa ulikuwa makao ya Wamarekani weusi. Katika miaka ya 1950 jiji lilibomoa sehemu yake ya chini kupisha ukumbi mkubwa wa michezo na maegesho ya magari. Watu wapatao 8,000 waling'olewa makwao pamoja na maduka yao, makanisa yao na vilabu vyao vya muziki. Waliobaki walibanana juu ya kilima, kazi zikiwa haba. Wakiita gari la wagonjwa, mara nyingi polisi walichelewa au hawakuja, na walipokuja wapo waliohofia kupanda gari la askari kuliko kubaki na maradhi yao.

Mtaani hapo palikuwa na shirika lililoitwa Freedom House Enterprises, likiongozwa na James McCoy Jr. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia watu weusi ajira na mitaji. Miongoni mwa miradi yake ilikuwa gari lililouza mboga na matunda kwa wakazi wasiokuwa na duka la karibu. Phil Hallen, aliyeongoza mfuko wa hisani wa Maurice Falk na aliyewahi kuendesha ambulensi katika ujana wake, aliona kwamba kama gari linaweza kuwapelekea watu mboga, linaweza kuwapelekea matibabu, na vijana wasio na kazi wakapata kazi. Alipomwendea Safar kumwomba ushauri, alimkuta ana mpango mzima kichwani, anachotafuta ni watu tu.

Mwaka 1967 vijana wa kwanza walikusanywa. Wengine walikuwa wamerudi kutoka Vietnam, wengine hawakumaliza sekondari, wapo waliowahi kukaa gerezani. Kwa macho ya wengi hao ndio watu ambao huwezi kuwakabidhi hata funguo za gari. Safar aliwakabidhi mwili wa binadamu. Mafunzo yalichukua saa 300, wakati ambapo dereva wa ambulensi wa kawaida nchini humo alitakiwa kujua huduma ya kwanza kidogo tu, na mahali pengine hata hiyo haikutakiwa. Walisoma mifupa na mishipa, walisimama katika chumba cha upasuaji kando ya madaktari wa usingizi wakijifunza kushika taya na kulinda hewa, waliingia mochwari kuona kwa macho yao kile ambacho ajali hufanya ndani ya kifua na tumbo, walizungushwa wodini, wakafundishwa kuendesha gari kwa kasi bila kuua mtu mwingine njiani. Ambao hawakuwa na cheti cha sekondari walisaidiwa kukipata.

Gari lenyewe lilijengwa upya kufuata mawazo ya Safar. Paa liliinuliwa ili mhudumu aweze kufanya kazi bila kujikunja. Kiti kikawekwa kichwani kwa mgonjwa, pale anapokaa daktari wa usingizi. Kulikuwa na oksijeni, mashine ya kufyonza matapishi na damu kooni, dripu, vifaa vya kufunga mifupa na, baadaye, mashine ya kusoma mapigo ya moyo. Ukitazama ndani ya ambulensi ya leo, iwe Nairobi, Dar es Salaam au London, unatazama mpangilio wenye asili yake katika fikra za miaka hiyo.

Vitabu vya kumbukumbu

Walianza kazi mwaka 1968. Aprili 4 mwaka huo Martin Luther King aliuawa, na moto wa ghadhabu ukawaka katika mitaa ya weusi nchini kote, Hill District ikiwemo. Vijana wa Freedom House waliingia mitaani kuhudumia majeruhi katika mitaa ambayo watu wengine waliiogopa, kwa sababu hapo ndipo kwao, na walioumia walikuwa majirani zao.

Katika mwaka wa kwanza waliitikia miito karibu 5,800 na kubeba wagonjwa zaidi ya 4,600. Safar alikadiria kwamba watu 200 waliokuwa wafe walipona. Makadirio hayo yaliwezekana kwa sababu ya tabia moja waliyoshikilia tangu siku ya kwanza: waliandika. Kila mgonjwa alikuwa na karatasi yake inayoonyesha alikutwaje, alifanyiwa nini, alifika vipi. Karatasi hizo zilirudi kwa madaktari, zikasomwa na kujadiliwa, na makosa yakarekebishwa darasani.

Mwaka 1972 kumbukumbu hizo zilizaa uchunguzi ambao kila mwanahistoria wa taaluma hii huutaja. Wagonjwa wapatao 1,400 waliobebwa na Freedom House katika miezi miwili walichunguzwa. Kwa wale waliokuwa mahututi, wahudumu wa Freedom House walitoa matibabu sahihi katika asilimia 89 ya matukio. Polisi walifanya hivyo katika asilimia 38, na vikundi vya kujitolea katika asilimia 13. Vijana walioambiwa hawafundishiki ndio waliokuwa bora kuliko wote waliopimwa, na ushahidi ulikuwa umeandikwa kwa wino.

Ushahidi haukuwaondolea madharau. Walipomfikisha mgonjwa hospitali, kuna waliowadhania wafagiaji wakawaonyesha ndoo na dekio. Wapo wagonjwa wazungu waliokataa kuguswa nao, hata wakiwa katika maumivu makali. Nje ya mitaa waliyopangiwa, polisi ndio waliopokea simu, na mara nyingi hawakuwaita, hivyo timu zilijifunza kusikiliza redio ya polisi na kuwahi zenyewe. Wakifika kwanza, mgonjwa alipata matibabu. Wakichelewa, karandinga lilikuwa limeshaondoka.

Miongoni mwa waliojiunga baadaye alikuwa John Moon, kijana aliyelelewa kwa muda katika kituo cha yatima huko Atlanta. Alikuwa mtumishi wa wodini, msukuma machela, siku alipowaona wanaume wawili weusi wakiingia na sare zao, wakijibu maswali ya madaktari kwa uhakika wa mtu anayejua kazi yake. Hakuwahi kuona jambo hilo. Mwaka 1972 akaingia Freedom House, na hakuiacha kazi hiyo mpaka alipostaafu, miongo mitatu na zaidi baadaye, akiwa miongoni mwa wakuu wa huduma ya dharura ya jiji zima.

Daktari aliyelala kituoni

Mwaka 1974 Safar alimkabidhi usimamizi wa kitabibu daktari kijana aliyekuja kwake kujifunza tiba ya wagonjwa mahututi. Nancy Caroline alizaliwa mwaka 1944 katika eneo la Boston, binti wa Kiyahudi, mwerevu, asiyependa kukaa ofisini. Alipanda gari na timu usiku, akalala kituoni, akabeba redio kila alipokwenda ili mhudumu aliye barabarani aweze kumuuliza dakika yoyote. Baada ya kila tukio gumu aliwakalisha chini wakapitia hatua kwa hatua: uliona nini, ulifikiri nini, kwa nini uliamua hivyo.

Chini yake walipanda ngazi ambayo madaktari wengi waliamini si ya mtu asiye daktari. Walichoma dawa mishipani, walisoma mapigo ya moyo na kuustua moyo uliovurugika, walitumia dawa ya kumrudisha aliyezidiwa na heroini. Walijifunza pia kupitisha bomba mdomoni hadi kwenye koromeo la hewa. Hiyo ni kazi ya sekunde chache na kina cha sentimita chache: chombo chenye taa huinua ulimi, macho hutafuta mlango wa koromeo, mkono wa pili hupitisha bomba, na likiingia kwenye umio badala ya koromeo mgonjwa hufa huku kila mtu akidhani anapumulishwa. John Moon alikuwa miongoni mwa wahudumu wa kwanza nchini kulipitisha bomba hilo nje ya hospitali, na mwanzoni madaktari wa mapokezi hawakuamini kwamba ni yeye aliyefanya hivyo.

Serikali kuu ya Marekani ilikuwa ikitafuta mtaala mmoja wa kufundishia wahudumu wa dharura nchi nzima, na kazi ya kuuandika ikaangukia kwa Caroline. Aliuandika akiwa na darasa lililo hai mbele yake, akijaribu kila somo kwa vijana wa Freedom House. Kutokana na kazi hiyo kilizaliwa kitabu chake Emergency Care in the Streets, kilichochapishwa mwaka 1979. Kimepigwa chapa tena na tena na bado kinasomwa vyuoni. Wanafunzi wengi wanaokifungua hawajui kwamba kurasa zake zilipimwa kwanza na msukuma machela wa zamani na wenzake katika mtaa uliobomolewa nusu.

Shukrani ya punda

Huduma hiyo iliendeshwa kwa ruzuku na kwa mkataba na jiji, na jiji lilikuwa chini ya meya Pete Flaherty, ambaye hakuupenda mkataba huo. Malipo yalichelewa, magari yakachakaa. Wakati huohuo wakazi wa mitaa ya wazungu wenye uwezo walianza kuuliza kwa nini watu wa Hill wanapata huduma bora kuliko wao. Swali lilikuwa la haki, na jibu la haki lilikuwa kuipanua Freedom House iwafikie wote. Jiji lilichagua kuanzisha huduma yake lenyewe. Oktoba 1975 Freedom House ikafungwa.

Caroline alipigania wafanyakazi wake waajiriwe katika huduma mpya, na jiji likakubali. Kilichofuata kinauma kukisimulia. Timu zilitawanywa, watu wenye uzoefu wa miaka wakawekwa chini ya wageni waliokuwa hawajui walijualo, mitihani mipya ikaletwa, na waliokuwa na doa la zamani katika maisha yao wakatolewa. Mmoja baada ya mwingine waliondoka au waliondolewa. Huduma waliyoijenga ikawa ya watu weupe karibu wote, na kwa miaka mingi jina la Freedom House halikutajwa hata mjini kwao. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke, na hapa punda lilikuwa jiji zima.

Tunapaswa kulitazama jambo hili bila kupepesa, kwa kuwa lina somo kwa kila anayejenga huduma ya umma. Freedom House haikufa kwa kushindwa kazi. Haikuwa na fungu lake katika bajeti wala ulinzi wa sheria, na kada yenyewe ilikuwa bado haijaandikwa mahali popote. Takwimu zao nzuri zilikuwa mikononi mwa watu waliotaka kuziona, na uamuzi ulikuwa mikononi mwa wasiotaka.

Kutoka Pittsburgh hadi Wilson

Nancy Caroline alikwenda Israel, akawa daktari mkuu wa huduma ya ambulensi ya Magen David Adom, akafundisha wahudumu wa dharura huko. Kisha, katika miaka ya 1980, akaja kwetu. Alifanya kazi Nairobi na AMREF, shirika lililoasisiwa mwaka 1957 na madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, waliotaka ndege na redio zifute umbali kati ya mgonjwa wa kijijini na daktari. Kutoka uwanja wa ndege wa Wilson, madaktari wa angani waliruka kwenda kwenye viwanja vya vumbi ambako mama aliyekwama katika uzazi au mfugaji aliyejeruhiwa alikuwa akisubiri. Mwanamke aliyekuwa amewafundisha vijana wa Hill akawa sasa anakabili swali lilelile katika nchi ambako hospitali iko siku nzima ya safari: nani yuko na mgonjwa kabla daktari hajafika, na anajua nini? Alifariki dunia mwaka 2002.

Swali hilo halijaisha. Kilichobadilika ni kwamba sasa wanaolijibu ni wahudumu wa dharura wenyewe. Uingereza imeilinda kada hii kwa sheria: tangu mwaka 2000 wana rejesta yao, tangu 2018 waliobobea wanaweza kuandika dawa, na mwaka 2021 shahada ya kwanza ikawa ndiyo kiwango cha elimu cha kuingilia. Kwa hadhi hiyo wameweza kufanya jambo ambalo taaluma changa hulikwepa, nalo ni kuzijaribu kazi zao wenyewe na kukubali majibu.

Tulitazame tena lile bomba la John Moon. Kati ya 2015 na 2017, katika huduma nne za ambulensi nchini Uingereza, wahudumu zaidi ya 1,500 walikubali kugawanywa kwa bahati nasibu. Nusu wangepitisha bomba kwa wagonjwa waliosimama moyo, nusu wangetumia kifaa chepesi kinachokaa juu ya koromeo na kisichohitaji ustadi ule mkubwa. Wagonjwa walikuwa 9,296. Waliopona na akili timamu walikuwa asilimia 6.8 kwa bomba na asilimia 6.4 kwa kifaa chepesi, tofauti isiyo na uzito wa kitakwimu. Ustadi uliokuwa alama ya heshima ya taaluma ulionekana, kwa wagonjwa hao, hauzidi njia rahisi.

Utafiti mwingine wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuwa mgumu zaidi kuukubali. Adrenalini imechomwa kwa waliosimama moyo kwa miongo mingi kwa imani kwamba inaokoa. Wagonjwa 8,014 walipewa ama adrenalini ama maji ya chumvi, bila mhudumu kujua kilichomo ndani ya sindano. Baada ya siku 30, asilimia 3.2 ya waliopewa adrenalini walikuwa hai, dhidi ya asilimia 2.4 ya wengine. Lakini kati ya waliopona na kutoka hospitali, wenye athari mbaya ya ubongo walikuwa asilimia 31 upande wa adrenalini na asilimia 17.8 upande wa pili. Dawa iliamsha moyo zaidi ya ilivyookoa ubongo. Ndiyo maana fedha na jasho vinarudi tena kwenye mambo ya mwanzo kabisa: jirani anayeanza kubonyeza kifua mara moja, na mashine ya kustua moyo inayofika mapema. Hilo la kwanza ndilo Safar alilotaka raia wa kawaida wafundishwe.

Sisi na njia ya kwenda hospitali

Kila wiki magazeti yetu huandika kwamba majeruhi fulani alifariki dunia akikimbizwa hospitali na wasamaria wema. Wema wa wasamaria hao ni wa kweli. Wanamnyanyua mtu mikono na miguu, wanampakia kwenye bajaji, pikapu au gari la polisi, shingo ikining'inia, na wanakimbia. Ni hali ya Pittsburgh kabla ya 1967. Tathmini ya bara zima iliyochapishwa mwaka 2017 ilikadiria kwamba chini ya asilimia 9 ya Waafrika wanafikiwa na huduma rasmi ya ambulensi.

Lakini ushahidi wa kwamba watu wetu wanafundishika upo, na umetoka hapahapa. Mjini Kampala, polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mitaa 307 walifundishwa kuzuia damu, kufungua njia ya hewa na kumsogeza majeruhi bila kumvunja zaidi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Wilayani Iganga, mashariki mwa Uganda, mwaka 2016 waendesha bodaboda 154 walipewa mafunzo kama hayo. Hawa ndio wanaofika kwanza, kwa sababu wako barabarani tayari. Nchini Tanzania nako, mpango wa m-mama ulioanza Sengerema na Shinyanga mwaka 2013 umeenea nchi nzima: mama mjamzito au mtoto mchanga akipata dharura, simu hupigwa namba 115, na ambulensi ikiwa mbali huitwa dereva wa kijijini aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu baada ya kufikisha. Umbali umefupishwa kwa magari yaliyokuwepo tayari. Kinachofuata ni kuongeza ujuzi ndani ya magari hayo.

Viongozi wetu hukabidhi ambulensi mpya kwa ngoma na hotuba, na wananchi wana haki ya kuzifurahia. Wana haki pia ya kuuliza papo hapo atakayekaa nyuma na mgonjwa ni nani, amesoma saa ngapi, mshahara wake unatoka fungu gani, na karatasi za wagonjwa wake zitasomwa na daktari gani. Gari bila majibu hayo ni karandinga lenye rangi nyeupe. Vijana wa Freedom House walithibitisha miaka zaidi ya hamsini iliyopita kwamba mtu wa mtaani akifunzwa vizuri, akasimamiwa na kuandika kazi yake, anaweza kumshinda kila aliyedhaniwa kumzidi. Jiji lao liliwapoteza kwa sababu halikuwawekea kazi hiyo katika sheria na bajeti. Wakati wa kufanya hivyo kwa wahudumu wetu ni sasa, wakiwa bado wachache na wakiwa bado wana moyo wa kazi.